Shavu Lililokataa Kukauka

Mama yangu alizikwa bila kupigwa picha hata moja. Nilikuwa na miaka tisa. Miaka ya sitini ilipokuwa inaisha, nimeshaoa, nafundisha shule ya msingi karibu na Keumbu, niligundua jambo lililonitia hofu: sauti yake ninayo, lakini sura inanipotea. Nikamwendea padre mmoja mzee wa misheni, mchoraji wa rangi za mafuta, nikamwambia wazi kwamba nataka kumchora mama kabla sijamsahau.

Padre akafungua kitabu. Familia ya Kizungu ya zama za Baroki, miaka mia tatu iliyopita: baba, mama, watoto watatu, kola nyeupe zimewakaba shingo, giza tupu nyuma yao. "Nakili hawa kwanza," akasema.

Lo! Nilikasirika. Mimi na hawa wapi na wapi? Lakini mwenye shida ni mimi, nikashika brashi.

Nilidhani shavu la yule mama Mzungu ni jeupe na jekundu, basi. Kumbe padre anaanza na kijani! Kijani cha jani la mgomba, kwenye uso wa mtu! Juu yake nyekundu nyembamba, unangoja ikauke, unaongeza nyingine. Miezi minne nilibishana na shavu lile. Kisha Jumapili moja, haki ya Mungu, nikaona damu inapita chini ya ngozi. Niliacha brashi nikatoka nje. Juani nikautazama mkono wangu mwenyewe: zambarau, kijani, buluu kidogo penye mishipa. Nimezaliwa na rangi zote hizo na sikuwa nazijua.

Nikaanza kumchora mama, nyumbani kwangu. Mafuta ya kitani aliyonipa padre ya kulainishia rangi yalipoisha, mimi mjuaji nikatia mafuta ya kupikia. Mafuta ni mafuta, nikajiambia. Padre aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo utaikaanga tu, kijana. Kukauka, sahau."

Kweli, wiki tatu zikapita na shavu bado bichi. Mke wangu ndiye aliyekuwa akifukuza nzi, akiniuliza kama mama mkwe wake ataiva lini.

Hilo ningelivumilia. Kilichoniuma ni kwamba macho yalikuwa ya mama, paji la uso lake, lakini mwanamke yule hakuwa yeye. Alifanana na mama kama shangazi wa mbali. Aliyeweza kuniambia kilichopungua ni baba peke yake, na kwetu Wagusii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yetu, na baba hakuwa mtu wa kuivunja kwa ajili ya picha. Basi asubuhi moja nikaibeba picha ikiwa mbichi hivyo hivyo, nikatoka nayo uani, baba aliposimama kunisalimu akienda shambani.

Tangu mazishi baba hakuwahi kumtaja mama mbele yangu. Aliinama akaitazama, na mimi nikajiandaa kukemewa kwa kuwachezea waliolala. Akavua kofia.

"Akicheka," akasema kwa Kigusii, "hapa paliingia ndani."

Akanyoosha kidole gumba, akakibonyeza kwenye shavu lile bichi, akakizungusha kidogo, taratibu, kama mtu aliyezoea. Alipokiondoa, kibonyeo kilikuwa pale. Na mama akanitazama. Yeye, si mwingine. Nililia mbele ya baba yangu, mtu mzima na mwalimu, na sikuona haya.

Sikuligusa tena shavu lile. Lilikauka baada ya miezi mingi, likiwa na mistari ya kidole chake ndani yake.

Siku ile baba alikwenda zake kuchuma chai. Jioni nilipompelekea maziwa nyumbani kwake, alikuwa amenawa mikono yote miwili isipokuwa kidole gumba kile, bado kina rangi ya shavu.