Kibuyu cha Mama Mkwe

Jirani yangu hapa Ushirombo anaitumia mashine yake ya kukandia unga mpaka unaionea huruma. Asubuhi inakanda maandazi, mchana inachambua kuku wa kuchemsha, jioni inaponda viazi vitamu. Chini yake ametandika kitambaa chenye maji ili isitembee mezani, na kila ikishakanda kidogo huizima, akaiwekea kiganja kichwani kama anayepima homa ya mtoto. "Pumzika kwanza," huiambia. Lakini mama mkwe wake akija kutoka Mhunze, jirani anaifunika kwa kitenge. Anaketi kwenye kigoda, kibuyu cha mtindi mapajani, anakisukasuka apate siagi kama mkamwana anayejiheshimu, huku bega lake bovu likimuuma hadi anakunja uso.

Juzi nilikuwepo bibi huyo mkwe alipoingia jikoni kutafuta chumvi. Akakifunua kitenge.

"Hii nini?"

"Ya kukandia unga, Mayu," jirani yangu akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na maziwa inasuka?"

Jirani yangu akatazama chini. "Inasuka."

Bibi akawa analisugua bega lake mwenyewe. "Miaka arobaini kibuyu kinanila bega," akasema, "nawe ukanificha?"

Akakitwaa kibuyu, akaumimina mtindi wote kwenye bakuli la mashine. Ikaunguruma mpaka siagi ikajitenga. Jirani yangu akaizima, akanyoosha mkono aiguse kichwani, akakuta kiganja cha bibi kimeshatangulia.