Ushuhuda Ambao Mama Lorine Anataka Kuurudisha

Saa nne asubuhi. Moshi wa makaa umejaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya ghala la rangi, pale Industrial Area inapopakana na Makadara, na Triza Khavere anasukuma chapati bila kuinua kichwa. Saa sita vibarua watamwagika kutoka viwandani na njaa isiyojua subira. Maharagwe bado hayajalainika.

Anayemfanya ainue kichwa ni Muthoki, fundi wa cherehani anayeshona aproni milango miwili kutoka hapo. Amembeba mwanawe wa miezi kumi, aliyelia tangu jana hadi sauti ikamkauka. Mtoto analivuta sikio lake la kulia kana kwamba anataka kuling'oa.

“Mama Lorine, niwekee yale mafuta,” anasema Muthoki. “Tone mbili tu. Nimechoka, sijalala.”

Triza anapangusa unga mikononi. Anamtazama mtoto, kisha anatazama kando.

“Siweki tena, Muthoki. Mpeleke zahanati.”

“Nilienda jana. Foleni ilikuwa imefika hadi kwa lango, na bosi alinipa ruhusa ya lisaa limoja. Niwekee tu, mama.”

“Nimesema siweki.”

Hapo uvumilivu unamwishia Muthoki. “Kwa hivyo dawa ni ya mjukuu wako pekee? Si ulisimama kanisani ukatuambia? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi pale!”

Vijana wawili wanaokunywa chai kwenye benchi wanaacha kunywa. Triza anachukua kitambaa safi, anakipasha juu ya kifuniko cha sufuria, anajijaribia shavuni kwanza, kisha anakishikilia nje ya sikio la mtoto. Polepole kilio kinashuka, kinabaki kwikwi.

“Hii ni ya kumtuliza njiani tu,” anamwambia Muthoki. “Isikudanganye. Hata akinyamaza, usirudi kazini. Nenda ukapige foleni.”

Muthoki anaondoka bila kuaga. Triza anamsindikiza kwa macho aone atapinda upande gani. Mtoto amenyamaza, na Muthoki anapinda kuelekea cherehani yake.

“Umeona?” Triza anamwambia mwandishi, huku akirudi kwenye unga wake. “Amenyamaza, basi amepona. Hata mimi nilifikiri hivyo.”

Kwa miaka mingi kibanda hiki kilikuwa na wateja wa aina mbili, wa tumbo na wa masikio. Mashine za huku hazina huruma. Vibarua wa kukata na kupinda bati walikuwa wakitoka kazini wameshika vichwa, nao akina mama kutoka mitaa ya Mbotela na Makongeni walileta watoto wanaolia. Na kwa mpishi, dawa ya sikio haikuwa mbali. Kitunguu maji alikichomeka kwenye majivu ya moto hadi kikalainika, akakikamua na kungoja maji yake yapoe kidogo. Kitunguu saumu alikiponda akakichemsha ndani ya mafuta ya simsim. Chumvi aliikaanga kavu, akaifunga ndani ya soksi, mgonjwa akailalia.

Hakuwahi kumtoza mtu hata senti. Malipo yake yalikuwa utani.

“Mathe alikuwa ananiwekea chapo mbili, madondo, na soksi moto,” anasema Shiundu akiionyesha sufuria ya maharagwe. Ni kibarua wa kiwanda cha mabati, mmoja wa wale wawili kwenye benchi. “Mpaka wa leo sijui ni gani ilinisaidia.” Anacheka, kisha anamwona Triza hacheki, naye anarudia chai yake.

Mambo haya Triza aliyarithi kwa mama yake huko Vihiga, ambako hospitali ilikuwa mwendo wa kutwa kwa miguu.

“Mama alituzaa tisa, na hakuna aliyepelekwa hospitali sababu ya sikio,” anasema. “Tulipona wote. Ama tuseme tulinyamaza wote. Siku hizi nashindwa kujua tofauti.”

Anageuza chapati, anaibonyeza pembeni ivimbe. Halafu anamtaja kaka yake mkubwa, marehemu sasa, aliyejulikana kijijini kwa ukaidi. Ukimwita haitiki. Ukimtuma, analeta kingine. Alichapwa sana kwa ajili hiyo, na baba yao na walimu pia.

“Nimeanza kumfikiria juzi juzi tu,” anasema. “Kwamba labda hakuwa mkaidi.”

Triza ana umri wa miaka hamsini na saba. Siku ikiwa njema, akishatoa unga, mafuta na makaa, anabaki na shilingi mia sita. Binti yake wa pekee, Lorine, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akamwachia mtoto wake, Ayuma, ambaye leo ana miaka minane. Wanaishi wawili katika chumba kimoja Mbotela. Kila jioni Lorine hupiga simu, na kila Jumapili hujificha chooni kwa tajiri wake atazame ibada ya kanisa lao, ambayo vijana huirusha moja kwa moja kwenye Facebook.

Mwaka jana, msimu wa mvua ndefu, Ayuma alianza kulia sikio la kushoto.

Triza alilivamia kwa kila alichokuwa nacho. Kitunguu, saumu, soksi. Mtoto alilia akakataa chakula, akalia akiwa mapajani, akalia hadi majirani wakagonga ukuta. Kisha asubuhi moja maumivu yakakatika kama redio iliyozimwa. Ayuma aliamka, akaomba chai na chapati. Kwenye mto wake wa kulalia kulikuwa na doa la majimaji ya manjano.

“Nikasema asante Yesu, uchafu umetoka,” anakumbuka Triza. “Nilifua ule mto nikiimba.”

Jumapili iliyofuata alisimama kutoa ushuhuda. Aliinua chupa ya mafuta juu ili watu wote waione, akaeleza saumu kiasi gani, mafuta kiasi gani, moto kiasi gani. Ayuma alisimama kando yake amevaa gauni jeupe. Ngoma ililia, akina mama wakapiga vigelegele, na kwenye simu iliyokuwa ikirusha ibada ujumbe wa Lorine ukatokea: “Amina, mama yangu! Wewe ndiwe daktari wetu.”

Wiki hiyo wanawake walimiminika kibandani wakileta vichupa vya dawa ya kikohozi na vya manukato vilivyooshwa. Aliwajazia wote. Na nyumbani, ili ugonjwa usirudi, aliendelea kumdondoshea Ayuma mafuta sikioni asubuhi na jioni. Maumivu yalikuwa yameisha; alikuwa analinda uponyaji.

Aligundua kwa simu. Jioni moja Lorine alipiga, na Triza, mikono ikiwa na unga, akambandikia mtoto simu kwenye sikio la kushoto.

“Shosho, mama haongei,” Ayuma akamwambia nyanya yake. “Simu imekatika.”

Triza akaichukua. Lorine alikuwa anaongea vizuri kabisa, anacheka, anauliza, “Ayuma, mbona hunijibu?” Akairudisha kwenye sikio lile lile. Mtoto akatikisa kichwa. Akaihamishia upande wa pili, na uso wa Ayuma ukachangamka. “Ah, mama!”

“Nikaichukua tena ile simu,” Triza anasema. “Nikamwambia Lorine mtandao ni mbaya.”

Hospitalini daktari hakumfokea. Triza anasema afadhali angemfokea. Alimulika sikio, akamweleza taratibu kwamba usaha ulikuwa umejaa nyuma ya kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani inayopokea sauti, ukaisukuma hadi ikapasuka. Ilipopasuka, msukumo ukaisha, na maumivu nayo yakaisha. Doa lile la kwenye mto ndilo lilikuwa habari mbaya. Na mafuta aliyoendelea kuyamimina yalikuwa yanapita kwenye tundu na kuingia mahali ambapo hayakupaswa kufika.

“Nikamwuliza, kama ningemleta siku ya kwanza? Akasema, ‘Mama, wakati mwingine hupasuka tu. Lakini tungekuwa tumeliona.’”

Sasa sikio la kushoto linapata mvumo tu. Upasuaji unaweza kufikiriwa likikauka, na dawa zimebadilishwa mara kadhaa bila sikio kukauka. Shuleni mwalimu amemhamishia Ayuma dawati la mbele. Mtaani ameacha kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira alioupenda kuliko yote, kwa sababu wenzake wakimwita hajui ageukie upande gani, na mpira unampata mgongoni. Siku hizi huketi kwenye ngazi akiwashikia viatu.

Majuma mawili yaliyopita alianza kushika sikio la kulia. Safari hii Triza hakugusa kitunguu; alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, hadi hospitalini. Walipewa dawa na tarehe ya kurudi. Kwa sasa ni kungoja, na kungoja ndiko kunakommaliza.

Kingine kinachommaliza ni ile video ya ushuhuda wake. Bado ipo Facebook. Watu wasiomjua wanaiandikia maswali hadi leo: mafuta ya kupikia ya kawaida yanafaa? Mtoto mchanga awekewe matone mangapi? Triza hajui kuandika kwenye simu. Jirani humsomea, naye huishia kujifunika uso kwa leso.

Wale anaokutana nao amewakataza mmoja mmoja. Wengine wanaona ameingiwa na uchoyo. Mwingine alimwambia shetani ndiye anayemrudisha nyuma.

Alimwendea Mchungaji Shitanda, akaomba nafasi ya kuurudisha ushuhuda wake mbele ya watu. Mchungaji si mtu mbaya. Aliomba naye, akampa nauli ya hospitali kutoka mfukoni mwake. Lakini nafasi hakumpa.

“Aliniuliza, ‘Dada Triza, ukirudisha wako, yule aliyeshuhudia kupona presha watamwulizaje? Na huyu wa kifua?’ Akaniambia ningoje angalau harambee ya paa la kanisa ipite. Harambee ni Desemba. Kuna watoto wangapi watalia sikio kabla ya Desemba?”

Anauliza hilo akiwa ameshika mti wa kusukumia chapati, unga ukimdondokea miguuni.

Ila mzigo mkubwa zaidi ni Lorine, ambaye hajaambiwa lolote. Ni zaidi ya mwaka sasa. Mara tatu Triza amejaribu kwenye simu, na mara tatu ameishia kuuliza habari za kazi. Kila Lorine akiuliza mbona hawasikilizani vizuri, jibu ni lile lile, mtandao. Ayuma hakufundishwa kusema uongo. Alizoea mwenyewe kushika simu upande wa kulia.

“Ametunza wazee wa watu huko ili huyu mtoto asome,” Triza anasema. “Mimi niliachiwa kitu kimoja tu. Kimoja.”

Basi amepanga hivi. Jumapili hii ataketi karibu na mbele. Wimbo wa akina mama ukiisha, kabla ya sadaka, atasimama, aitwe asiitwe. Atasema mafuta hayakuponya. Atasema maumivu yakikatika ghafla na sikio likitoa maji, mtoto akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Anajua Lorine atakuwa anatazama, na ndivyo anavyotaka.

“Mbele ya watu siwezi kugeuza maneno,” anasema. “Tukiwa wawili tu, nitakimbilia mtandao tena.”

Saa saba vibarua wamekula na kuondoka. Ayuma anaingia kutoka shuleni kwa chakula cha mchana, mtoto mwembamba mwenye pamba katika sikio la kushoto. Huwatazama watu midomoni. Nyanya yake anamwekea sahani, na kabla hajaketi, simu inalia. Ni Lorine, leo tajiri wake ametoka, amepata nafasi mapema.

Ayuma anaipokea kwa furaha, anaibandika sikio la kulia. Anasikiliza. Anaibonyeza zaidi. Uso wake unakunjamana kidogo, anaibonyeza kwa mikono yote miwili. Sauti ya Lorine, kubwa na changamfu, inasikika hadi kwenye benchi: “Ayuma? Umekula, mama? Ayuma!”

Mtoto anamnyooshea nyanya yake simu.

“Shosho, ongea wewe,” anasema. “Mama siku hizi ananong'ona.”

Triza anabaki ameitazama ile simu mkononi mwa mtoto. Hatimaye anaipokea. Anaketi juu ya debe la unga, jambo ambalo hajalifanya tangu asubuhi.

“Mama?” Lorine anauliza upande wa pili. “Mama, ni mtandao tena?”

Triza anafumba macho.

“Hapana, Lorine,” anasema. “Mtandao uko sawa.”