Siku Mashine ya Ozoni Ilipozima

Komuraiah alikatwa mguu chini ya goti kwa ajili ya mwiba tu. Ulimchoma akiwatoa nyati wake ziwani, kidonda kikatunga usaha, na hospitalini wakambadilishia dawa hii na ile, kidonda hakikusikia. Daktari hakumficha mkewe, Sattemma. Alimwambia kwamba ziwa lile limepokea mabaki ya viuavijasumu kutoka viwandani kwa miaka mingi, na vijidudu vinavyoonja dawa kidogo kidogo mwishowe huizoea.

Mwaka uliofuata Sattemma akaomba kazi katika kimojawapo cha viwanda hivyo vya dawa, nje ya Hyderabad. Shemeji yake Yellaiah, mdogo wa Komuraiah, alimcheka usoni.

"Yaani unaenda kuwatumikia waliomla mguu kaka?"

"Na wewe unayewafungulia geti kila asubuhi je?" Sattemma akamjibu. Yellaiah alikuwa mlinzi palepale. "Mimi nataka niyaone hayo maji yakitoka."

Wakamweka kwenye mtambo wa majitaka, chini ya binti mmoja mkemia aliyeitwa Sravanthi. Maji yaliyotoka kwenye mapipa ya kutengenezea dawa yaliingia tangi kubwa, yakapitishwa kwenye mashine ya ozoni, hewa kali inayozivunjavunja dawa, ndipo yakaenda kwenye bwawa la tope lenye vijidudu vinavyokula uchafu. Dawa ikipita nzima, vijidudu hivyo visafishaji hufa, na maji hutoka na sumu yake hadi kijitoni, kisha ziwani.

Siku moja mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri. Sattemma alikuwa ndiyo kwanza amefungua chakula chake, mkate wa mtama na pilipili ya kusaga, aliposikia mashine ya ozoni ikikohoa. Ikakohoa tena, ikazima. Sravanthi akafungua kifuniko, moshi ukampiga usoni.

"Imeungua, dada. Kifaa chake hakipatikani hapa. Labda kesho, kutoka mjini."

Wote wawili wakageuka kulitazama tangi. Maji ya kiwandani yalikuwa yanaingia, ya mvua yanaingia, na ukingo ulikuwa unakaribia.

Bwana Raghupati, mkuu wa uzalishaji, alikuja mbio na mwavuli uliopinduka.

"Fungueni koki ya kijitoni!"

"Bosi, hayajavunjwa hayo," alisema Sattemma.

"Kwa mvua hii? Yatapotelea kwenye mafuriko, nani atajua?"

"Tufunge yanayotoka kwenu. Msimamishe kazi kidogo."

"Nisimamishe? Dawa iko nusu ya kuiva! Ikisimama inaoza yote. Unajua unachosema wewe mama?" Akamgeukia Sravanthi. "Wewe ndiye mkemia. Fungua."

Sravanthi akalisogelea gurudumu la chuma la koki. Ilikuwa ajira yake ya kwanza. Mkono wake ukaanza kunyanyuka.

Sattemma alimtangulia. Aliliingiza bega kati ya mikono ya lile gurudumu la chuma, akalikumbatia, akapitisha pindo la sari yake humo na kulifunga fundo. Hakuwa na mpango mwingine wowote.

Raghupati akampigia ukelele mlinzi. Yellaiah akaja, rungu mkononi, maji yakimchuruzika.

"Mtoe huyu!"

Yellaiah alimtazama shemeji yake, akalitazama lile fundo.

"Bosi, huyu ni mke wa kaka. Nikimgusa, leo nani atanifungulia mlango nyumbani?"

"Basi na wewe kazi huna!"

"Sawa, bosi." Rungu akaliegemeza ukutani.

Raghupati akamrukia Sattemma mwenyewe, akaanza kulivuta fundo. Kitambaa kikapasuka. Gurudumu likazunguka kidogo, na chini yao bomba likaguna. Sattemma alifumba macho, akalining'inia kwa uzito wake wote.

Ndipo king'ora kikalia upande wa kiwandani. Sravanthi hakuwa tena pale. Alikuwa amekimbilia bomba la kuingilia na kulifunga, na sasa maji ya kiwanda yalikuwa yanarudi yalikotoka. Raghupati akaacha sari, akatukana, akakimbilia mapipa yake kabla hayajafurika.

Hawakupata nafasi ya kushangilia. Mvua ilizidi, na maji yakaanza kulamba ukingo. Watatu wale wakabeba magunia ya mchanga, wakayapanga, mikono ikachubuka. Hata hivyo, kabla mvua haijakatika, sehemu moja ilishindwa, na maji yakapita juu ya magunia hadi kwenye mtaro wa nje unaoelekea kijitoni. Sattemma alijitupa pale kwa kifua chake mpaka Yellaiah alipoleta gunia jingine.

Dawa yote ya siku ile ilioza. Sattemma na Yellaiah walirudishwa nyumbani. Sravanthi alibaki, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitengeneza ozoni, lakini aligoma kuiwasha mpaka wenzake waitwe. Mwenye kiwanda, aliyeogopa hasara ya pili kuliko kitu chochote, akawaita, akanunua na mashine ya akiba. Raghupati hamsalimii Sattemma hadi leo.

Jioni ya siku ile ya mvua, Komuraiah, aliyekwisha kusikia habari, alikuwa akimngoja mlangoni na gongo lake.

"Yamemwagika?"

"Yamemwagika kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Sattemma alikaa chini, akaanza kukamua maji kwenye sari iliyochanika. "Sijui," akasema. "Kesho nyati wasipelekwe ziwani. Nitawachotea ya kisima."