Siku Mji Ulipokuja Kuhesabu Majiko

Kwetu mtu hahesabiwi. Mama alitulea watoto wake, sitasema wangapi, bila kutuhesabu hata siku moja. Jioni alipanga vikombe vya chai mezani, na kikombe kilichobaki bila kuguswa ndicho kilichomwambia nani hajarudi. Nimefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Maplewood, ughaibuni, na mpaka leo, saa tisa alasiri, wazee nawapangia vikombe vivyo hivyo. Wenzangu wanahesabu vichwa. Mimi nahesabu vikombe.

Mama naye akaja kuwa mmoja wa wazee hao. Nilimleta kutoka Nakuru baada ya baba kufariki, akakaa kwangu, na alipoanza kusahau nikamtafutia chumba pale kazini ili nimwone kila siku. Najua walivyosema kanisani. Waseme. Kilikuwa chumba kizuri, chenye mlango wake, bafu lake na jiko dogo la umeme. Lakini baridi ilipoanza nilimkuta ameteleka birika la plastiki juu ya koili. Kazi yangu ilinitaka niripoti. Ningeripoti, wangemhamishia upande wa pili wa jengo, ule ambao mlango wake unafunguliwa kwa namba ya siri na vyumba vyake havina jiko. Mama yangu, afungiwe? Nikavichomoa vitufe vya kuwashia lile jiko, nikavitia mfukoni mwa sare yangu, nikanyamaza.

Wiki chache baadaye akaja bwana mmoja kutoka ofisi ya mji. Mji ulikuwa umejiwekea lengo la makazi mapya na haujalifikia, kwa hiyo ulitaka kujua ni vyumba gani vya wazee vinaweza kuingizwa kwenye hesabu. Kanuni, kama meneja alivyonieleza, ilikuwa rahisi: chumba chenye mlango wake na jiko linalowaka ni nyumba, kisicho na jiko ni kitanda tu. Akaniambia nimtembeze mgeni. Nilitaka kumtangulia kwa mama nirudishe vile vitufe, lakini bwana yule aliniganda kama kupe, na chumba cha mama kilikuwa cha mwisho.

Tulianza saa nne asubuhi. Theluji ilikuwa imeziba madirisha ya chini na korido ilikuwa na mwanga wa kijivu. Kila chumba bwana yule aliwasha jiko, akasubiri koili iwe nyekundu, akazima, akataja namba kwa sauti na kuiandika. Wazee wengi hawakuwa wamepika kwa miaka. Vumbi la majiko likaungua na harufu yake ikatufuata mlango kwa mlango, na nyuma yetu wazee wakaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine, wakasimama milangoni mwao, wananusa. Mzee mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno aliniuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Chumba kilichotazamana na cha mama hakikuwa na mtu. Bibi wa Kizungu aliyekaa humo, rafiki pekee wa mama, alikuwa amefariki wiki mbili kabla, na wanawe walikuwa bado hawajaja kuchukua vitu. Enzi za uhai wake walikunywa chai pamoja kila siku bila lugha hata moja kati yao, huyu anaongea yake, yule anaitikia. Niliusukuma mlango. Hewa ya joto ikanipiga usoni, inanukia tangawizi.

Bwana yule alisogeza kiganja kwenye jiko, akakirudisha haraka.

"La moto bado," akasema. "Nani anaishi hapa?"

"Hakuna mtu."

Akatazama meza. Palikuwa na vikombe viwili, kimoja kimenywewa mpaka majani ya mwisho, cha pili kimejaa pomoni, maziwa yameganda juu. Mbele ya kile kilichojaa, kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, jinsi unavyomvutia mgeni.

"Basi yupo mtu," akasema, akataja namba, akaandika.

Niliogopa kama mtoto. Kisha nikavitambua vile vikombe. Vilikuwa vya kwangu, vile viwili nilivyovitafuta wiki mbili nzima huku nikimlaumu moyoni muosha vyombo. Hapo nikaelewa mama anapikia wapi siku hizi, na hofu hii ya pili ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza.

Tulipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni pake, leso begani.

"Huyu anahesabu nini?"

"Anahesabu manyumba, Mum. Anataka ku-check jiko tu."

"Uongo. Nimemsikia tangu kule mwanzo. Anataja namba, mtu anatoka." Akakinyooshea kidole chumba cha mkabala. "Mwambie asinihesabu. Huyu walimhesabu, akaenda. Anakuja bado kunywa chai, lakini siku hizi haimalizi."

"Anasemaje?" bwana yule akaniuliza.

"Anasema karibu."

Alipoinama kufuta viatu nilipenya ndani, nikavirudisha vitufe. Jiko likawaka, koili ikawa nyekundu, namba ikatajwa. Mama akajifunika uso kwa leso. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Saa tisa nilipanga vikombe. Cha mama kikabaki bila kuguswa. Nilikimbia hadi chumba cha marehemu nikamkuta ameegemea jiko, koili nyekundu, sufuria haina hata tone la maji, na ncha ya leso yake imeshaanza kutoa moshi. Alikuwa anaongea na kile kiti. Nilizima jiko, nikaikung'uta leso kwa mikono mitupu, nikamshika mama nikalia. Kisha nikavichomoa tena vitufe vya jiko lake, nikaenda kuviweka mezani kwa meneja na kumwambia kila kitu.

Kesho yake tulimhamisha. Mlango wa namba ya siri ulipojifunga nyuma yetu nilijiona nimemzika angali hai. Mama aliingia chumba kipya, akatazama kitanda, akatazama dirisha, akaizunguka kona ambayo jiko lingekaa.

"Jiko liko wapi?"

"Huku hakuna, Mum."

"Kwa hiyo yule mtu hafiki huku."

"Hafiki. Vyumba vya huku havihesabiwi."

Akashusha pumzi ndefu, akaketi. "Asante, mtoto wangu," akasema, akanishika kiganja palepale nilipoungua. Kisha akavuta kiti kilichokuwa kando ya kitanda, kidogo tu, akaniambia nikalete vikombe vitatu.

Nikaleta vitatu.