Betri za Baba Dirishani

Baba alikuwa na mazoea ya kuanika betri za redio kwenye dirisha la fleti yetu ya Mchafukoge, nne kwa mstari kama dagaa, na kila adhuhuri alizigeuza. Alianza miaka ile betri zilipokuwa adimu. Lakini sasa biashara ilishafunguliwa, Kariakoo zimejaa mpaka barazani, na yeye bado anaanika.

Mimi nilikuwa nasomea uzamivu wa kemia, nikitafuta betri isiyo na majimaji ndani, yenye kigae kikavu tu cha kupitisha umeme. Dirisha lile lilinikera.

“Baba, betri ikifa imekufa,” nilimwambia siku moja kwa ukali.

“Haijafa, mwanangu. Imechoka,” akajibu, akaendelea kugeuza.

Alifariki mwaka uleule. Baada ya arobaini yake nilirudi maabara. Kigae changu kilikuwa kimegoma kupitisha umeme kwa miezi. Asubuhi hiyo nikakipasha moto kidogo, na mshale wa mita ukapanda. Joto tu. Nilishindwa hata kuandika daftarini.

Nikarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Betri zilikuwa bado dirishani, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Nikazigeuza, nikasubiri jua, kisha nikazitia kwenye redio yake. Ikaongea, kwa sauti ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Nikaizima upesi, kabla haijakatika yenyewe.

Sijaiwasha tena hadi leo.