Watetezi wa Felisita

Felisita Ngassa aliporudi darasani akiwa mama wa watoto wanne, mvi zimemwota mbele, watu wa Nyalikungu walidhani amerukwa na akili. Alikuwa afisa maendeleo ya jamii hapo Maswa: kazi anayo, mume anaye, nyumba ya bati anayo. Anatafuta nini tena?

Ila miaka hiyo ya tisini mambo yalikuwa yanakwenda mbio. Pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa iligombewa na matajiri wenye malori. Vibao vya NGO viliota kila kona ya mji. Wafadhili walishuka kwenye magari yao na maswali yaliyomtoa jasho Felisita: nani anaongoza kikundi hiki? Anawajibika kwa nani? Akaomba kusoma shahada ya uzamili ya utawala wa umma na uendeshaji wa asasi, katika chuo kimoja huko Morogoro. Alipokubaliwa aliruka sebuleni mpaka mumewe, Marcelo, akakimbilia kushika kabati la vyombo lisianguke.

Utafiti wake aliufanyia Ipililo, kwa akina mama waliokuwa na mashine yao ya kusaga. Mwenyekiti wao alikuwa Nyamizi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe waliokwisha vuka mto. Felisita alishinda nao msimu mzima wa kulima, akisikiliza ugomvi wao na vicheko vyao, akilishwa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mpaka gauni likambana. Alipokwenda Morogoro kumalizia kuandika, walimsindikiza kwa machozi.

Ikafika siku ya kutetea tasnifu. Felisita alisimama mbele ya jopo, akipanga na kupangua karatasi zake. Hajafungua kinywa, mlango ukasukumwa. Wakaingia akina mama wa Ipililo, kanga za sare, vikapu kichwani, na jogoo mwekundu kwapani mwa Nyamizi.

"Mwangaluka!" Nyamizi akausalimia ukumbi mzima.

Dokta Novatus, mkuu wa jopo, akavua miwani. "Karibuni, mama. Ninyi ni nani?"

"Sisi ni watetezi. Tumesikia ng'wana Ngassa, binti yetu, kashtakiwa."

Felisita akashika meza. Kumbe Marcelo alipita gulioni Ipililo akawaambia kwamba mkewe ameitwa mbele ya wakubwa kutetea kazi yake, akishindwa anarudi mikono mitupu. "Peke yake?" Nyamizi aliuliza. "Peke yake," Marcelo akajibu, maana ndivyo ilivyo. Basi wakapanda treni pale Malampaka.

"Na huyu," Nyamizi akaongeza, akimwinua jogoo, "ni wa hakimu."

"Mama, huyo usimtaje tena," Dokta Novatus akasema, mabega yakitikisika kwa kujizuia kucheka. "Hapa tunafundisha utawala bora."

Felisita alitaka ardhi immeze, lakini kicheko kikamwahi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kitenge, na jopo lote likacheka naye. Dokta Novatus akawaeleza kwa upole kwamba hakuna kesi: wao watauliza, Felisita atajibu, na wageni waketi tu wasikilize.

Swali la kwanza lilikuwa kali. "Unasema kikundi hiki kinawajibika kwa wanachama wake. Kwa nini tukuamini?"

Nyamizi akainuka. "Anamwita mwongo!"

Domitila, mwenzake, akamvuta kanga. "Kaa, mayu. Ndiyo kuulizwa kwenyewe huko."

Woga ulikuwa umemtoka Felisita. Alieleza jinsi wanavyoitana mkutanoni, jinsi anayeharibu anavyoambiwa mbele ya wote. Kisha akafika kwenye ukurasa wa udhaifu wa kikundi. Akamtazama Nyamizi, kisha akasema.

"Tatizo lao kubwa ni uongozi. Mwenyekiti ni yuleyule tangu mwanzo. Hakuna anayethubutu kugombea naye."

Jogoo akakukurika. Nyamizi alikuwa kinywa wazi, wenzake wakitazama sakafu. Halafu akapasua kicheko kilichotetemesha madirisha.

"Kweli kabisa! Hata bwana wangu ananiogopa!"

Jopo lilipotangaza kwamba Felisita amefaulu, vigelegele vilivuka uwanja mpaka jikoni kwa wapishi. Akina mama walimbeba msobemsobe, kiatu kimoja kikamdondoka, wakaserebuka naye kuzunguka ukumbi huku Dokta Novatus akipiga makofi nje kabisa ya mdundo. Felisita hakujua kama analia au anacheka, wala hakujali.

Baada ya mavuno Ipililo waliitisha uchaguzi, na Felisita akaalikwa kuusimamia. Domitila alimshinda Nyamizi waziwazi. Nyamizi alinuna wiki nzima, hasalimii mtu. Kisha akasikia nafasi ya mweka hazina iko wazi, akaanza kampeni siku hiyohiyo, nyumba kwa nyumba, kwa sauti ileile.