Mdundo wa Mwalimu Nikolaus Uliofutwa Isevya

Kumeshakucha, wateja wanapita, lakini Levina Adriano amefungua mlango nusu tu. Ndani ya kibanda chake cha ufundi, Isevya mjini Tabora, kinanda cha kwaya kimelala mezani katikati ya simu zilizofumuliwa. Simu yake mwenyewe inaita. Anaitazama, kisha anaigeuza uso chini.

"Ni Mama Recheli wa Igalula, wa hiki kinanda," anasema. "Jana nilimwambia nasubiri kifaa kutoka Dar. Hakuna kifaa chochote! Namdanganya mtu mzima. Naona aibu hata chakula hakipiti."

Levina, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, amejijengea jina kwa kuflashi, yaani kufuta programu inayoendesha kifaa na kuweka toleo jingine. Alianza na simu, akaingia kwenye ving'amuzi, halafu vinanda. Siku ikiwa nzuri anarudi nyumbani na shilingi elfu ishirini. Ikiwa mbaya, anarudi na vumbi.

Kinanda hiki kililetwa kwa sababu kilikuwa kinaganda katikati ya wimbo. Dawa aliijua: toleo jipya. Ila alipokijaribu akasikia jambo jingine. Mdundo ambao kwaya huingia nao kanisani ulikuwa unachelewa. Pigo moja linakuja vizuri, la pili linasitasita.

"Nikasema, maskini, kumbe kinaumwa kuliko walivyonieleza. Sikuuliza. Nimuulize nani, wakati fundi ni mimi?"

Akaweka toleo jipya. Kinanda kikaacha kuganda. Jioni Mama Recheli akapiga simu kumwomba asiuguse mdundo ule, kwani uliwekwa na marehemu mumewe, mwalimu Nikolaus wa kwaya ya Moravian. Levina akaangalia. Haupo.

Akalirudisha toleo la zamani mbio mbio. Kinanda kikarudia kuganda kwake, mdundo haukurudi.

"Programu ya kiwandani unaweza kuirudisha. Alichokiweka mtu kwa mkono wake unakihifadhi kwanza, la sivyo kimekwenda. Hilo nawafundisha wenzangu kila siku. Mdomo wangu huu huu! Loo, nimeaibika."

"Hodi humu!"

Levina anashtuka hadi bisibisi inamponyoka. Mlangoni amesimama mwanamke wa makamo, mguu wa kushoto ameuburuta kidogo kuvuka kizingiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu zimenichosha, nikaona nije."

Mama Recheli hasubiri kiti. Anakiwasha kinanda, anabonyeza. Unatoka mdundo wa kiwandani, wa haraka, umenyooka. Anabonyeza tena, akitega sikio.

Levina anapiga magoti kwenye sakafu yenye vipande vya nyaya.

"Mama, kifaa cha Dar ni uongo. Mdundo nimeufuta mimi. Nilidhani ni ugonjwa."

"Mgonjwa ni huu mguu," Mama Recheli anasema taratibu. "Tukiingia kanisani kwa hatua za kucheza, mimi nabaki nyuma, watu wanacheka. Siku moja mdundo ukaanza kuchelewa, kwaya nzima ikachelewa na mimi. Nikolaus hakuniambia kitu. Nami sikumuuliza mpaka tunamzika."

Levina anajifuta uso kwa kiganja chenye risasi ya kulehemu. Mwandishi wa makala haya anakosa pa kuweka macho.

"Jumapili nitakuja Igalula," Levina anasema hatimaye. "Nitakaa karibu na mlango, nisikilize unavyotembea, niuweke mdundo upya."

"Njoo. Ila sitatembea kwa majaribio, mimi si kinanda. Nitaingia na kwaya kama siku zote. Ukinipata, umenipata."

Mama Recheli ameshaondoka wakati Levina anafungua mlango wote kwa ajili ya wateja. Anasema atalirudisha toleo jipya ili kinanda kisigande, na safari hii atahifadhi kila kitu kwanza. Na akishindwa kuupata mdundo?

"Nitasimama mbele ya kwaya niseme ni nani aliyeufuta," anajibu. "Yule mama wamemcheka vya kutosha. Jumapili hiyo wanicheke mimi."